Alama ya Kuuliza Katika Jina la Gĩkũyũ: Historia ya Amri Mbili za Usimbaji wa Herufi

Wanaoandika historia ya tahajia za lugha za Kiafrika huwataja wamisionari, kamati za serikali za kikoloni, mikutano ya wataalamu, na wenye mitambo ya kupigia chapa. Ni nadra mno kumtaja mtunga programu za tarakilishi. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990 maandishi mengi ya lugha hizo yamepita mikononi mwake kabla ya kumfikia msomaji, na si mara zote yametoka salama. Makusudi ya makala haya ni kueleza historia ya amri mbili tu, utf8_encode na utf8_decode, zilizomo katika maktaba ya lugha ya programu iitwayo PHP. Kuonyesha jinsi zilivyoyatenda maandishi ya Kigikuyu na Kikamba na, kwa njia ambayo wengi hawaitarajii, maandishi ya Kiswahili. Kisha kupambanua hasara inayoweza kurekebishwa na ile isiyoweza. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini yeyote anayekusanya matini za lugha hizi ili azichunguze hana budi kujua yalikopitia maandishi yake.

Tuanze na msingi. Tarakilishi haijui herufi, yajua namba. Ili a iwe a, ni lazima pawe na mapatano kwamba namba fulani ndiyo a, na kwamba aandikaye na asomaye wametumia mapatano yale yale. Mapatano yaliyoenea kuliko yote katika mwanzo wa ufundi huu ni yale ya Kimarekani yaitwayo ASCII, yaliyotolewa mwaka 1963 na kuongezewa herufi ndogo baadaye katika muongo ule ule. Yalikuwa na nafasi 128, na katika hizo 95 tu ndizo zilizokuwa za alama zinazoonekana. Zilitosha kuandika Kiingereza. Zilitosha pia, kwa bahati, kuandika Kiswahili cha herufi za Kirumi, kwa kuwa tahajia sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930 haikuweka alama yoyote juu ya irabu wala chini ya konsonanti. Alama pekee ya ziada ilikuwa ni ritifaa ya ng', nayo ASCII ilikuwa nayo.

Kigikuyu hakikupata bahati hiyo. Lugha hii ina irabu saba, na tahajia yake huziandika mbili kati ya hizo kwa kuweka kiwimbi juu ya i na u: ĩ, ũ. Kikamba na Kimeru hufanya vivyo hivyo. Kiwimbi hiki si pambo wala si alama ya toni. Ĩ ni irabu nyingine kabisa, si i iliyovikwa kofia, na anayeiandika bila kiwimbi amebadilisha irabu. Ni kweli kwamba magazeti na ofisi nyingi za Kenya zimezoea kuyaandika majina bila viwimbi, na wenye majina hayo wamezoea kuvumilia. Lakini uvumilivu wa mwenye jina si kanuni ya tahajia.

Mafundi wa Ulaya walipoona kwamba nafasi 128 hazitoshi, walizipanua hadi 256. Hapo ndipo ulipozaliwa msimbo ambao ndio chimbuko la mkasa wetu, ISO 8859-1, uitwao pia Latin-1, uliokubaliwa rasmi mwaka 1987. Jedwali hilo lina alama 191 zinazoonekana, na zilichaguliwa kwa ajili ya lugha za Ulaya ya Magharibi: é ya Kifaransa, ü ya Kijerumani, ñ ya Kihispania. Hata Wafaransa hawakuridhika, maana œ yao iliachwa nje. Ĩ na ũ hazimo, wala ɓ na ɗ za Kihausa, wala ẹ na ọ za Kiyoruba.

Isisemwe kwamba Waafrika walikuwa wamelala. Mkutano wa Bamako wa mwaka 1966 na ule wa Niamey wa mwaka 1978, yote miwili chini ya UNESCO, ilishughulikia hasa suala la alfabeti za lugha za bara hili, na mwaka 1983 kikatolewa kipimo cha kimataifa, ISO 6438, cha msimbo wa herufi za Kiafrika kwa ajili ya kubadilishana habari za vitabu baina ya maktaba. Lakini kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ni kitu kimoja, na kile kinachotiwa ndani ya mashine zinazouzwa madukani ni kingine. Mashine zilizofika kwetu zilikuwa na Latin-1, au ndugu yake wa kampuni ya Microsoft aitwaye Windows-1252.

Pana jambo moja la ajabu ambalo yafaa litajwe hapa kwa kupita. Ĩ na ũ zilikuwamo katika jedwali jingine la jamii ile ile, ISO 8859-4 la mwaka 1988, lililotengenezwa kwa ajili ya lugha za pwani ya Baltiki, Kisami na lugha ya Greenland. Tahajia ya zamani ya Greenland, iliyotumika kabla ya mageuzi ya mwaka 1973, ilitumia viwimbi juu ya irabu. Hivyo mtu aliyetaka kuandika Kigikuyu kwa tarakilishi katika miaka hiyo angeweza kufanya hivyo kwa kujifanya mkazi wa nchi ya barafu. Na Rasmus Lerdorf, mwanzilishi wa PHP, alizaliwa Greenland.

Ufumbuzi ulikuja kwa hatua mbili. Ya kwanza ni Unicode, jedwali moja lililokusudiwa kutosha maandishi yote ya dunia, ambalo toleo lake la kwanza lilianza kutoka mwaka 1991. Humo ĩ na ũ zilipata namba zao wenyewe. Ya pili ni UTF-8, yaani njia ya kuziandika namba hizo kwa baiti moja hadi nne, iliyobuniwa na Ken Thompson pamoja na Rob Pike mnamo Septemba 1992. Kwa simulizi la Pike mwenyewe, ilichorwa kwenye karatasi ya kutandikia sahani katika mkahawa mmoja wa New Jersey. Uzuri wa UTF-8 ni kwamba herufi za ASCII hubaki kama zilivyokuwa, baiti moja moja, na herufi nyingine zote hupewa baiti mbili au zaidi. Ĩ ndogo, kwa mfano, ni baiti mbili ambazo mafundi huziandika C4 A9. Ũ ni C5 A9. Sifa hiyo ya kuiacha ASCII jinsi ilivyo ndiyo iliyoieneza UTF-8 upesi, na ndiyo pia, kama tutakavyoona, iliyoficha makosa mengi.

PHP ilianza katika miaka ya 1994 na 1995 kama vifaa vidogo vya kutengenezea kurasa za intaneti, ikawa lugha kamili kwa toleo la tatu la mwaka 1998. Watunzi wake wa wakati huo waliyaona maandishi kama mfuatano wa baiti tu, na pale msimbo ulipohitajika kutajwa, waliuchukulia kuwa ni Latin-1. Haja ya kuvuka kutoka msimbo mmoja hadi mwingine ilizuka walipoingiza chombo cha kusomea hati za XML, kwa kuwa chombo hicho hufanya kazi kwa UTF-8. Zikatungwa amri mbili za kuvukia: utf8_encode ya kutoa Latin-1 na kuitia UTF-8, na utf8_decode ya kurudi. Katika mahali pake zilikuwa sahihi kabisa. Fundi aliyezitunga alijua zinatoka wapi na zinakwenda wapi.

Tatizo lilikuwa katika majina. Ukiyatafsiri, moja lasema "tia katika UTF-8" na jingine "toa katika UTF-8". Hakuna mahali panapotajwa Latin-1. Nasi tunaofundisha lugha twajua kwamba tafsiri ni uhusiano wa pande mbili. Hakuna mfasiri anayeweza kupewa kazi kwa kuambiwa "tafsiri kwa Kiswahili" bila yeye kuuliza, au kuona mwenyewe, matini yenyewe ni ya lugha gani. Amri hizi hazikuuliza, wala hazikutazama. Zilidhani kila zinacholetewa ni Latin-1, au zilidhani kwamba kila mwenye UTF-8 ataka kurudi Latin-1. Na kwa kuwa katika Latin-1 kila baiti ina maana fulani, utf8_encode haikuweza kamwe kukataa kazi. Ungeipa Kigikuyu, Kiarabu au picha ya jpeg, yote ingeyapokea kwa utulivu ule ule na kuyarudisha yamegeuzwa. Mtunga programu aliyeona maandishi yake yameharibika, na akakuta katika kitabu cha mwongozo amri iliyoitwa kwa jina la UTF-8, aliijaribu. Ikikubali mara moja, aliiacha hapo. Isipokubali, aliiongeza ya pili.

Tazama basi yaliyoweza kutokea. Neno Gĩkũyũ, likiwa tayari limeandikwa kwa UTF-8, likapitishwa katika utf8_encode, kila baiti ya viwimbi huchukuliwa kuwa herufi kamili ya Latin-1. C4 ni Ä, A9 ni ©, C5 ni Å. Msomaji huona GÄ©kÅ©yÅ©. Likipitishwa tena, zile baiti mbili za ĩ ambazo zimekuwa nne huwa nane, kisha kumi na sita. Na pale ambapo hifadhi imewekewa kikomo cha urefu, mwisho wa neno hukatwa. Sura hii inachukiza macho, lakini katika magonjwa mawili ninayoyaeleza ndiyo nafuu. Hakuna kilichopotea mpaka hapo mkato ulipotokea. Kila Ä© ni ĩ, na kila Å© ni ũ, wala hakuna neno la Kigikuyu litakaloandikwa kwa alama hizo kwa makusudi. Matini ya namna hii hurejeshwa nzima kwa kuipitisha katika amri ya kurudi, mara zile zile ilizopitishwa katika ya kwenda.

Ugonjwa mbaya ni wa utf8_decode. Amri hii, ikikutana na herufi isiyokuwamo katika Latin-1, huweka mahali pake alama ya kuuliza. Gĩkũyũ huwa G?k?y?. Ngũgĩ huwa Ng?g?. Jina la riwaya Caitaani Mũtharabainĩ, iliyotoka mwaka 1980 na ambayo mwandishi wake aliiandika kwa Kigikuyu kwa makusudi yanayojulikana sana, huwa Caitaani M?tharabain?. Hapa hapana urejeo. Alama ya kuuliza ni ile ile kwa ĩ na kwa ũ, ni ile ile kwa ɓ ya Kihausa na kwa herufi zote za Kihindi na za Kiarabu, na ubaya zaidi ni ile ile aliyoiweka mwandishi mwenyewe mwishoni mwa swali lake. Unicode imetenga alama maalumu ya kuonyesha kwamba "hapa palikuwa na herufi isiyosomeka", ili msomaji asidanganyike. Latin-1 haina nafasi ya alama hiyo, kwa hiyo kilichochukuliwa ni kiulizo cha kawaida. Ni kama mchapaji aliyekosa risasi ya herufi fulani akatia nukta mahali pake bila kumwarifu mtu.

Tena uharibifu haufuati sura moja. Unicode inaruhusu ĩ iandikwe kwa njia mbili: kama herufi moja iliyokamilika, au kama i ya kawaida inayofuatwa na kiwimbi kilicho peke yake. Machoni hazitofautiani hata kidogo. Lakini zikipita katika utf8_decode, ya kwanza huwa ? na ya pili huwa i?, kwa kuwa i imo katika Latin-1 na kiwimbi pweke hakimo. Basi neno lile lile, katika hati ile ile iliyoandikwa na watu wawili wenye baobonye tofauti, laweza kutoka G?k?y? kwenye ukurasa mmoja na Gi?ku?yu? kwenye ukurasa wa pili. Mtafiti anayehesabu maneno kwa mashine atapata maneno mawili, na huenda akayaandikia makala. Hata hivyo ile sura ya pili, pamoja na ubaya wake, ni hazina: humo irabu imesalia, na aliyeikuta hana haja ya kubahatisha.

Waswahili wasidhani wamepona. Nilisema ritifaa ya ng' imo katika ASCII, na ndivyo ilivyo ile iliyosimama wima. Lakini programu za kuandikia barua na vitabu zina desturi ya kuibadilisha, bila kuulizwa, iwe ile iliyopinda: ng’ombe badala ya ng'ombe. Ile iliyopinda haimo katika Latin-1. Katika Windows-1252 imo, namba yake ikiwa 92 kwa hesabu ya mafundi, mahali ambapo Latin-1 ina amri ya mitambo isiyoonekana. Katika UTF-8 ni baiti tatu. Kwa hiyo ng’ombe aliyetoka katika UTF-8 akapita utf8_decode huwa ng?ombe, aliyesomwa kwa jedwali la Windows huwa ngâ€™ombe, na aliyetoka katika Windows akapita utf8_encode hubakiwa na alama isiyoonekana, hata msomaji akaona ngombe na kudhani mwandishi hajui tofauti ya ng na ng'. Hili la mwisho nalihesabu kuwa kosa baya kuliko yote yaliyotajwa, kwa sababu halionekani kuwa kosa la mashine. Humwangukia mwandishi. Katika lugha ambayo nguo na ng'oa huanza kwa sauti mbili mbalimbali, matini zisizo na ritifaa zikikusanywa kwa maelfu zitaonyesha badiliko la tahajia ambalo halikutokea kamwe.

Kwa nini hali hii ilidumu? Sababu kubwa ni ile niliyoidokeza. Anayejaribu programu yake kwa Kiingereza haoni kitu, maana ASCII hupita katika amri zote mbili bila kuguswa. Anayeijaribu kwa Kifaransa kilichoandikwa kwa Latin-1 huona imefaulu. Ni lazima mtu aijaribu kwa Kigikuyu, Kivietinamu au Kipolandi ndipo kasoro ijitokeze, na wenye lugha hizo hawakuwa wengi mezani pale. Tusisahau pia kwamba watunzi wa PHP walijaribu kufanya jambo kubwa zaidi: tangu mwaka 2005 walikuwa na azma ya kutengeneza toleo la sita ambalo maandishi yote ndani yake yangekuwa ya Unicode. Kazi ikawashinda kwa uzito, ikaachwa mwaka 2010, na toleo la sita halikutoka. Mageuzi yakaja kidogo kidogo. Mwaka 2014 toleo la 5.6 liliifanya UTF-8 kuwa msimbo wa kawaida. Amri zetu mbili, badala ya kustaafu, zilihamishwa katika toleo la 7.2 la mwaka 2017 kutoka katika chombo cha XML hadi kiini cha lugha. Ndipo katika toleo la 8.2, lililotoka Desemba 2022, zilipotangazwa kuwa hazifai kutumiwa tena, na uamuzi ukapitishwa kwamba ziondolewe katika toleo kuu la tisa. Hoja iliyotolewa haikuwa kwamba zinakosea hesabu. Ilikuwa kwamba majina yake yanapotosha.

Badala yake watunga programu wameshauriwa kutumia amri nyingine, kama vile mb_convert_encoding na iconv, ambazo mtu huzitajia msimbo anaotoka na msimbo anaokwenda. Hizo nazo si malaika. Mnamo Aprili 2024 ilitangazwa kwamba iconv ya maktaba ya C ya GNU, inayotumika katika mitambo mingi ya Linux, ilikuwa na kasoro ya zaidi ya miaka ishirini: ilipoandika kwa msimbo mmoja wa Kichina, ISO-2022-CN-EXT, iliweza kuvuka mpaka wa nafasi iliyopewa kwa baiti hadi nne. Baiti nne ni chache, lakini zilitosha kumfungulia mlango mvamizi aliyejua njia, na njia iliyoonyeshwa ilikuwa ni kupitia PHP. Lakini hiyo ni kasoro ya ulinzi, si ya maandishi, nasi tuyarudie maandishi.

Je, aliye na matini zilizojaa viulizo afanye nini? Asiyejua Kigikuyu atasema kwamba uwezekano ni mbili tu, ĩ au ũ, na kwamba kamusi itamsaidia. Si rahisi hivyo, kwa sababu kasoro imeangukia mahali penye sarufi. Mũtĩ ni mti mmoja. Mĩtĩ ni miti. Yote mawili huwa m?t?. Umoja na wingi wa ngeli nzima vimefutwa kwa pigo moja, na kamusi haitasema lolote, maana maneno yote mawili ni halali. Kinachobaki ni upatanisho wa kisarufi, nao pia umejaa irabu zizo hizo. Hata hivyo konsonanti huokoa. "Mti huu" ni mũtĩ ũyũ, "miti hii" ni mĩtĩ ĩno. Zikiharibika huwa m?t? ?y? na m?t? ?no, na hapo y moja au n moja, pamoja na o iliyosalimika, hutosha kuirejesha idadi ya miti.

Kazi hii haitakuwa ngeni kwa waliosoma miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu. Huko nako kasra moja ilibeba i na e, na dhumma ikabeba u na o, na msomaji alipambanua kwa muktadha, kwa mizani ya ubeti, na kwa kuijua lugha. Tofauti ni kwamba mwandishi wa mswada na msomaji wake walishiriki desturi moja, na aliyeandika alijua ni nini anachomwachia mwenziwe akijaze. Kiulizo cha utf8_decode hakikuachwa na mwandishi yeyote. Kwa hiyo mhariri wa matini za namna hii yampasa aweke alama kila mahali aliporejesha irabu, kama tufanyavyo kwa mswada ulioliwa na mchwa, na pale ambapo hakuna konsonanti wala mizani ya kumwongoza, akiache kiulizo mahali pake na kueleza katika dibaji kwamba si cha mwandishi.